Somo la Moyo Mbele ya Enspekta

Butembo, Jumatatu, 6 Machi 2000
Nyuma ya darasa, kama kawaida, daftari magotini. Shule imeniomba, mimi mwalimu mstaafu, niwaangalie wahitimu wawili wa sayansi wanaojizoeza kufundisha kabla ya kuingia taasisi ya ualimu: Kavira wa biolojia, Paluku wa kemia. Paluku alikuwa akifundisha vizuri. Wakaingia askari wanne. Nikasimama, kama mapadri walivyonizoeza kumpokea mgeni. Darasa zima likasimama nami. Askari wakachukua madawati yaliyoachwa wazi, wakayapeleka kwenye moto wao. Nusu yamekwenda. Kosa ni langu. Nimeona haya.

Jumanne, 7 Machi
Paluku amerudi kwao Kirumba bila kuniaga. Simlaumu. Huo ni uongo. Namlaumu, Mungu anisamehe.
Enspekta wa shule atatoka Beni Ijumaa kusikiliza somo la mtihani. Bila sahihi yake taasisi haimpokei mtu, na barabara ikifungwa tena hatujui atarudi lini. Nilimshauri Kavira aahirishe. Akanijibu, akiniita baba kama kawaida: «Tata, mwaka jana bote balisema ningoje. Mwaka huu hapana.»
Nilimwomba radhi. Shauri langu lilikuwa la mwoga.

Jumatano ya Majivu, 8 Machi
Majivu usoni, hasira kifuani. Nimewaambia wanafunzi: tangu leo hakuna kusimama kwa ajili ya yeyote aingiaye, hata awe askofu. Samahani kwa askofu. Walicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Machi
Kavira amepata moyo wa mbuzi kwa mchinjaji. Tumeiandika upya karatasi ya somo, kila swali na jibu linalotarajiwa. Yeye amekwenda kulala. Mimi naisoma karatasi mara ya nne. Marehemu mke wangu angenitania.

Ijumaa, 10 Machi
Wanafunzi wamebanana, watano kwa dawati. Enspekta karibu nami, mtu mpole, viatu vimejaa vumbi la njia. Kavira alikuwa amekwisha kuupasua moyo alipoingia askari mmoja, wenzake wakingoja mlangoni.
«Simameni!»
Hakusimama mtu. Enspekta aliinuka kidogo. Nikamshika mkono wa koti, akaketi. Namwomba radhi hapa, kwa kuwa pale sikumwomba.
Nikasema nikiwa nimeketi: «Uniwie radhi, afande. Somo halijaisha.»
«Muzee, unanijua mimi?»
«Sikujui, afande. Karibu usikilize.»
Kavira alimimina maji ndani ya moyo, akawaonyesha jinsi vilango vinavyojifunga ili damu isirudi nyuma. Askari akasogea.
«Iyi ni ya mutu?»
«Ya mbuzi, afande,» akajibu Kavira. «Ya mutu inafanana nayo.»
«Basi kisha somo mutatupatia tuchome.»
«Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, afande,» akasema Kavira. «Nyama ni mwiko.»
Darasa likalipuka kwa kicheko. Hata mmoja wa wale wa mlangoni alicheka, akamwita mwenzake kama kaka mkubwa: «Yaya, tuende, batakupa devoir ya kufanya nyumbani!» Yule askari akaondoka, akipiga teke mlango. Bawaba moja imevunjika. Madawati yote yamebaki.
Kavira akauliza: «Nani atarudia kazi ya vilango?» Mikono mingi.
Enspekta alitia sahihi kabla ya kunywa chai.

Jumamosi, 11 Machi
Mvua tangu asubuhi. Kavira amekuja kusikiliza makosa yake. Desturi yetu ni kwamba aliyefundisha huandika, hajibu. Nimemsomea yote: aliandika ubaoni akiwa amewapa wanafunzi mgongo, hakumwona msichana wa pembeni aliyeinua mkono mara mbili, alimaliza bila muhtasari. La askari sikulitaja. Si kosa.
Aliandika yote. Hakujibu. Akafunga daftari, akanishukuru, akaenda kufunga mizigo yake. Jumatatu anaanza taasisi.
Biolojia haina mwalimu sasa. Nimetoa karatasi safi ya somo, nikaandika juu: Jumatatu, saa ya kwanza, figo.