Usingizi wa Saa Nane Mchana

Kanga, Mafia
14 Februari 2016

Mdogo wangu mpendwa Fortunatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo uliyoniandikia imenifikia, nami marahaba nairudisha kwa moyo wote. Mnaendeleaje huko Mbinga? Shemeji Recho hajambo? Na Brightness, bado anaficha viatu vya shule ili asiende? Mguu wako je, baridi ya huko inausumbua sana? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Eufrasia anakusalimu. Zahanati imemzidia kazi, lakini akina mama wa Kanga wamemzoea hata wanawapa watoto jina lake. Mpaka sasa tunao Eufrasia watatu, wote Waislamu, na babu mmoja anamwita wa kwake Furasa.

Barua yako imekaa mezani wiki mbili. Usidhani niliipuuza. Nimeisoma hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mara tatu nilishika simu nikupigie, nikaiweka. Simu inakatika kirahisi, na mimi najijua. Barua haikatiki.

Uliniuliza nafanya nini siku hizi. Bado naendesha ile pikapu ya samaki, Kanga hadi Kilindoni, na kurudi na abiria au barafu. Najua utacheka ukisikia kwamba barabara nzima ya kisiwa, toka bandarini hadi kwenye mnara wa taa wa Ras Mkumbi, haifiki kilomita sitini. Nami nilicheka nilipofika. Nilisema, nani atasinzia hapa? Lakini, Fortu, mchanga wa huku unapigana na usukani. Samaki wakishuka alfajiri, dereva anakwenda na kurudi mara nne, mara tano, na jua linamchoma kupitia kioo. Tena wako wageni wanaokuja kwa ajili ya Hifadhi ya Bahari. Alfajiri wanataka kumwona papa potwe, mchana wanataka mnara wa taa, na dereva ni yule yule.

Mwaka juzi kijana mmoja aitwaye Sudi aliingiza gari la barafu kwenye shamba la mihogo, njia nyeupe, mchana kweupe. Alivunjika mkono. Eufrasia alipomfunga bandeji alimuuliza kilichotokea, naye akasema hajui, alifumba macho kidogo tu. Usiku ule sikula.

Kesho yake nikaenda kwa Biubwa. Huyu ni mama mjane anayeuza vitumbua na kahawa ya tangawizi kando ya barabara, kabla hujaingia Kanga. Nikamwomba tuongeze banda la makuti ubavuni mwa genge lake, vitanda viwili vya kamba, na mtungi wa maji ya kunawa uso. Akaniuliza kama nataka kumfungulia nyumba ya wageni au kumharibia jina. Nilipomweleza kuwa ni mahali pa madereva kupumzika, alisema kama ni hivyo basi iwepo sheria: dereva akilala, ufunguo unakaa kwake, na hatoi mpaka amtazame macho. Watu walitucheka. Walisema Mafia imekuwa safari ya Kongo, dereva anahitaji kulala njiani. Sasa hivi ukipita saa saba huna kitanda. Wa bodaboda wanalala hata kwenye mkeka.

Nikusimulie mkasa wa mwezi uliopita. Shaabani, dereva wa gari la abiria, alikuwa anawapeleka kijiji cha Bweni, mbele ya Kanga, wanawake wa upande wa bibi harusi, na masufuria, na magodoro, na bibi harusi mwenyewe kafunikwa buibui. Alikuwa barabarani tangu jana yake kwa shughuli za harusi hiyo hiyo. Walisimama kwa Biubwa wanywe maji tu. Mimi nilikuwa napoza injini. Nikamwona Shaabani ameegemea mlango, anatabasamu bila sababu, na macho yake yako wazi lakini hayatazami kitu. Macho yale nayajua.

Nilimwomba ufunguo. Akasema yuko sawa. Shangazi wa bibi harusi, Bi Bimkubwa, akaniwakia: mimi ni nani hata nichelewishe ndoa ya watu, shehe ameshakaa, pilau inapoa. Nikasema nitawapeleka mwenyewe, lakini pikapu yangu ilikuwa imejaa samaki, na gari lake Shaabani hakutaka kuliachia. Tukiwa bado tunabishana, Biubwa akapita katikati yetu, akachomoa ufunguo mkononi mwa Shaabani, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Kautafute humo," akamwambia, "ukiweza."

Shaabani alilala kabla hajavua viatu. Alikoroma saa nzima. Wanawake walinuna, kisha wakala vitumbua, kisha mmoja akagonga sufuria, na mara ngoma ikaanza pale pale barabarani. Bibi harusi naye alijifunua uso akacheka. Upande wa bwana walipokuja mbio kuwatafuta, wakawakuta wanacheza.

Shaabani alipoamka hakujua yuko wapi. Aliniambia jambo la mwisho analokumbuka ni mnazi mmoja ulioanguka kule Kirongwe. Toka Kirongwe mpaka pale kuna vijiji, Fortu, kuna watoto wanaotoka shule. Hakumbuki hata kimoja. Bi Bimkubwa alisikia. Alikuja taratibu, akanishika mkono, akaniuliza nilijuaje.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbele ya watu wa harusi nisiowajua, maneno ambayo sijawahi kuyatamka. Jioni nilimweleza Eufrasia. Hakunilaumu kwa lolote ila moja. Alisema, "Yaani Bweni nzima inajua, na Fortu hajui?"

Siku kumi baadaye ikaja barua yako. Umeandika kwamba Paroko amekuomba uendeshe gari la watoto wa shule, nawe umekataa, kwa kuwa mtu aliyesahau kukaza nati hafai kubeba watoto wa watu.

Mdogo wangu, hukusahau.

Siku ile ya mwaka 2003, mimi dereva wa lori na wewe utingo wangu, nilikuwa sijafumba macho siku mbili. Ulinisihi tupumzike Ruaha Mbuyuni. Malori yalikuwa yamejipanga pale, madereva wamelala chini ya matela, nawe ulisema, "Kaka, na sisi tulale." Nilikuambia ulale wewe, mimi ni dume. Ukalala kwa sababu nilikuamuru. Tulipanda Kitonga salama, tukaipita Ilula, na saa nane mchana, kwenye njia iliyonyooka, nikalala. Nilizinduka tuko kwenye majani. Tairi la mbele lilichomoka tulipogonga kalvati, si kabla. Nililiona likichomoka kwa macho yangu.

Wewe ulikuwa unapelekwa hospitali na mguu umeshapondeka. Askari aliponiuliza, niliogopa leseni, niliogopa jela, nikakumbuka kwamba asubuhi ulibadilisha tairi lile Mikumi. Nikasema, "Labda utingo hakukaza." Nilisema labda. Kila mtu akaiacha ile labda njiani, na mimi nikawaacha. Ulipozinduka ukaniomba msamaha. Ukalia, nami nikakusamehe! Miaka kumi na tatu nimekaa nao msamaha huo, na hauniachi nipumue.

Zile nati nilizipima mwenyewe kwa mkono kabla hatujaondoka Mikumi. Zilikuwa zimekaza.

Mama nimeshamwambia, jana, kwa simu. Akasema kwamba miaka yote hii amekuwa akikuombea Mungu akuondolee uzembe, na sasa anaona haya mbele ya Mungu na mbele yako. Ameomba niseme mwenyewe, asikutangulie.

Sikuombi unijibu upesi. Kuhusu mguu wako sina neno la kuandika, nimejaribu na nimechana karatasi nne. Nitakuja Pasaka. Ukitaka nifikie kwenu, nitafikia kwenu. Usipotaka, nitafikia kwa Mama, nawe utakuja ukipenda.

Nisalimie Shemeji Recho, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Mbusu Brightness. Eufrasia anakutumia mkeka wa ukindu, na Biubwa, ambaye hakujui, anakutumia salamu.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya pili. Ni ya Paroko, nimemweleza haya haya, na nimeweka sahihi. Makusudi sikuifunga bahasha yake, uisome kwanza. Nimemwandikia kwamba katika madereva wote niliowahi kukaa nao kwenye kabini, mmoja tu ndiye aliyesema tusimame tulale. Watoto wa shule ampe huyo.

Ni mimi kaka yako,
Isdory