Mvua Kwanza, Mama

Mpendwa mama,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo wote, nakutangazia rasmi kwamba mbuzi wako mweupe amekula kofia ya mhariri wangu. Tukio lilitokea uani kwako Kakuma, asubuhi kweupe, mbele ya mashahidi. Mhariri alikuwa ameivua kwa heshima, akaiweka juu ya mtungi. Mbuzi hajaonyesha dalili yoyote ya majuto. Uchunguzi hauendelei.

Nakusikia ukiguna. "Na mvua je?"

Haya. Mvua ilinyesha, mama. Si nyingi. Mto Tarach ulifika magotini asubuhi moja, watoto wakaoga, kisha ukarudi kuwa mchanga. Nyasi zimechomoza upande wa milimani. Mbuzi ni wazima, huyo mweupe amepitiliza. Watu wapo. Mama Achol, jirani yako, bado anachota maji kwenye mtungi wako bila kuomba. Namwacha, maana ulikuwa unamgombeza tu ili aketi.

Hivyo ndivyo ulivyotaka habari. Mgeni akifika, kwanza aketi. Apewe maji, apewe tumbaku ya kutafuna. Ndipo habari zitoke kwa foleni yake: mvua, nyasi, mifugo, watu. Kifo kikiwepo kinakaa nyuma kabisa, kwa sababu, ulisema, mtu aliyesimama na ana kiu hapewi kifo, atakiangusha.

Kazi yangu ya redio Lodwar inakwenda kinyumenyume. Kwa mhariri, marehemu anaingia wa kwanza. Mvua inaingia mwisho ikibaki nafasi. Mbuzi hawaingii kabisa mpaka waibiwe.

Unakumbuka siku niliposoma taarifa ya habari mara ya kwanza? Sikusomea kazi hii, unajua. Niliokota Kiswahili cha habari kwenye vipande vya magazeti vilivyofungia tumbaku yako, na kila kipande kilikuwa kimekatwa katikati. Mpaka leo kuna waziri mmoja sijui kama alijiuzulu. Basi nilipopewa maikrofoni nilijiona nimefika. Jumapili yake nikaja Kakuma kuchukua sifa zangu. Ulikuwa umeketi kwenye ngozi, unasuka kikapu, hukuinua kichwa.

"Ulinisikia, mama?"

"Nilikusikia."

"Ikawaje?"

"Uliingia nyumba za watu na maiti mdomoni."

Mama Achol akacheka mpaka akashika mbavu. Wewe hukucheka. Ukaendelea na mashtaka. "Halafu unasalimia, watu wanakujibu, na wewe ushaondoka. Mimi nikaitikia ejok, nikaona naongea peke yangu kama mlevi."

Ni kweli ulikuwa unaijibu redio. Nilikukuta siku nyingine. Redio inasema hamjambo wasikilizaji, wewe unaitikia kwa sauti, tena unamkodolea macho Mama Achol mpaka naye aitikie. Akasema, "Mimi yangu nilisema kwa roho," na ukamwambia redio haina masikio ya roho.

Kuanzia wiki hiyo nikawa nasalimia, kisha nanyamaza kidogo. Kidogo tu, kiasi cha mtu kuitikia. Fundi wa mitambo alikagua nyaya zote. Mhariri akaniita ofisini. "Dada, mbona kuna kimya baada ya salamu?"

"Wasikilizaji wanajibu."

Akanitazama. Ametoka Nairobi, huwa anatazama hivyo akiona kitu hakimo katika mafunzo yake. Lakini aliniachia.

Sasa, mama, twende kwenye ile Jumanne.

Mama Achol alinipigia simu asubuhi, niko sokoni Lodwar nachagua nyanya. Yeye akipiga huwa anaanza na malalamiko, kabla hata hujasema halo. Siku hiyo akasema, "Ejok. Wewe iko sawa?" Nikasema niko sawa. Akasema, "Mvua ya hapa ilinyesha. Kidogo." Nikaziacha nyanya. "Majani iko. Mbuzi ya mama iko yote." Alikuwa anapita mle mle ulimomfundisha, pole pole, kama mtu anayevuka mto kwa fimbo. Nikaketi chini, kati ya sukuma na vitunguu. Yule mama wa nyanya akanipa maji bila kuniuliza. Mama Achol akasema, "Umekaa?" Nikasema nimekaa. Ndipo akaniambia.

Kilichobaki kilikuwa Ekiru. Mwanao wa kwanza yuko na mifugo huko juu kupita Lokitaung, mahali ambapo simu ni kitu cha kuongeza uzito mfukoni tu. Wazee wakasema udongo wa kwanza ni wake na hakuna atakayeushika kabla yake. Lakini pia wakasema Jumamosi, na baada ya hapo joto halimngoji mtu. Ekiru alikuwa na ile redio ndogo niliyompelekea. Basi wote wakanigeukia. "Wewe si ndiye wa redio? Muite."

Mhariri mwenyewe aliniandikia tangazo, kwa wema kabisa. Lilianza na familia inasikitika kutangaza kifo. Niliingia studio Jumatano jioni nikiwa nalo mkononi, nikaliweka chini ya glasi ya maji.

"Ejok, Ekiru," nikasema. Nikanyamaza, aitikie.

"Huku mvua imenyesha, si nyingi. Tarach ilifika magotini. Nyasi zimeanza upande wa milimani, na ng'ombe wako wakirudi hawatakosa. Mbuzi wa mama ni wazima. Yule mweupe bado hana adabu. Mama Achol anakusalimia. Watoto wangu wameongezeka urefu. Sasa keti, ndugu yangu. Kunywa maji."

Nikangoja. Nyuma ya kioo mhariri alikuwa amenyoosha kidole kwenye saa. Halafu akakishusha, akavuta kiti, akakaa.

"Mama ametutoka Jumanne asubuhi. Tunakungoja mpaka Jumamosi."

Nilipotoka nje, dereva mmoja wa bodaboda alinisimamisha. "Dada, pole. Ulivyosema keti, nilisimamisha pikipiki nikaketi kando ya barabara. Na abiria wangu pia." Mwingine alisema mamake alikunywa maji kwa niaba ya Ekiru. Simu zilipigwa studio mpaka mhariri akaacha kuzipokea, akasema wanafunzi wanaokuja kwetu kujifunza watasikilizishwa kazi ile. Nisikufiche, mama: hata katika msiba, niliona raha kidogo. Nikajiambia, sauti yangu ndiyo itakayomleta Ekiru. Ijumaa nzima nilikaa uani kwako nikiitazama njia ya kaskazini kama mtu aliyeagiza kitu.

Alifika Jumamosi, jua halijapanda. Vumbi mpaka kwenye kope, kaubeba mgongoni mkoba wa ngozi, kiti chake kidogo cha mti mkononi. Wazee wakamwonyesha mahali. Akapiga magoti, akaumimina ule udongo kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama anayemwekea mtu uji. Mama Achol aliimba wimbo kwa lugha ya kwao, sikuelewa hata neno, na nilielewa. Hapo ndipo kofia ya mhariri ilipoliwa. Ungekuwepo ungemcheka yule mtu, ukampa kofia ya Ekiru.

Sasa nimerudi Lodwar. Nasoma habari kama kawaida, marehemu mbele, mvua nyuma. Lakini baada ya salamu bado nanyamaza. Zamani nilikuwa najua kile kimya kina nani ndani. Siku hizi nakitegea sikio kwanza, nikishasikia hakuna, ndipo naendelea. Fundi haulizi tena.

Pumzika, mama. Kikapu chako kimeishia nusu. Mama Achol amekataa kukimalizia, anasema wewe utamgombeza.

Nimebakiza habari moja, na kwa utaratibu wako imekaa nyuma. Jumamosi ile, watu walipokwisha tawanyika, nilimfuata Ekiru pembeni. Nilitaka kuisikia kwa mdomo wake.

"Ulinisikia?"

"Wapi?"

"Redioni. Jumatano."

Akanitazama kama nimechoka. Ni mzee mmoja muuza tumbaku aliyemfikia kwa miguu. Habari ilikuwa imeondoka Kakuma na lori la Jumanne mpaka Lokitaung, mimi sijafungua hata mdomo. Nikamuuliza Ekiru, mzee alianza na nini. Akasema na mvua, nilitaka aanze na nini kingine?

Kisha akaitoa redio mkobani, akafungua pale pa kuwekea betri, na akanikaribisha. Ndimo anamoweka tumbaku.

Mwanao, yule wa redioni