Shida ni Meza

Jumamosi, 6 Agosti 1983

Nyumba imenyamaza tangu Ndila alazwe Nairobi kwa ajili ya kifua. Binti yetu Kaluki yuko kwa mumewe Tseikuru, kwa hiyo nimebaki mimi na mbwa. Nimekula ugali baridi, sahani magotini, nikamkumbuka mke wangu. Wiki zile za mwisho alikuwa akionja kidogo tu, kisha anasema, "Hamu ya kula itatoka wapi na sahani iko magotini?" Chakula chote kwa mbwa! Karani mzima wa shamba la mkonge, nyumbani hana meza.

Jioni Sugow amepita na lori lake. Hununua mbuzi hapa Kibwezi na kuwapeleka Nairobi, na mkewe Ubah amelazwa kitanda cha pili kutoka kwa Ndila. Ubah hajui Kikamba, Ndila hajui Kisomali, basi wanaongea Kiswahili cha sokoni na habari inanifikia kwa mdomo wa Sugow. Leo ameleta hii: "Mama Kaluki anasema chakula iko. Shida ni meza."

Nimecheka hadi machozi. Hata hospitalini ananigombeza! Kumbe anapata nafuu.

Jumapili, 7 Agosti

Sikwenda ibada. Wala Nairobi, ingawa leo ndiyo siku yangu pekee ya kumwona. Nataka arudi aikute meza. Nilimwahidi meza tangu zamani, na ahadi ni deni.

Jirani yangu Kiilu ameniazima msumeno na randa. Alinionya plaiwudi ichorwe kwa kisu kwanza, isije ikabanduka ukingoni. Sikusikia. Imebanduka. Urefu sikuujua, nikatundika aproni ya Ndila ukutani, nikapima hadi mfukoni. Mikono yake hufika hapo akikanda unga. Aproni bado inanuka moshi na vitunguu. Nimeishika kwa muda mrefu, kazi imesimama. Namkosa sana.

Jumatano, 10 Agosti

Mguu mmoja mfupi. Nimepunguza ile mingine — sasa uliokuwa mfupi ndio mrefu. Nikiendelea hivi itakuwa kigoda! Kiilu kacheka, kanigongea vipande vya mbao chini ya ile mingine mitatu.

Ijumaa, 12 Agosti

Imesimama. Haitikisiki. Nimepaka vanishi, nikaweka sahani mbili, nikaondoa moja. Halafu nikaondoa na yangu. Sikuweza kuizindua peke yangu. Nimekula magotini, namngoja mwenyewe.

Jumamosi, 13 Agosti

Sugow amekuja. Nikamshika mkono, nikampeleka ndani aone. Akaigusa, akauliza ni ya nani. Nikamwambia si wewe uliyeniletea habari yake! Chakula iko, shida ni meza!

Akaondoa mkono mezani. Kisha akashika koo lake.

"Si ya mbao, mzee. Ni ya hapa. Chakula inaletwa, yeye hawezi meza. Sasa hata maji ni shida."

 Nilikaa chini sakafuni, meza ikiwa juu yangu.

Kwetu meza ya mbao ni mesa, na hiyo ya koo ni neno lingine kabisa. Kwa Kikamba nisingekosea. Lakini aliniambia lini kwa Kikamba? Aliniambia habari za sahani na magoti. Alikuwa anaficha. Na mimi nilimwona akilowesha ugali kwenye mchuzi hadi ukawa uji, nikamwona mbwa akinenepa, nikafikiri ni madaha ya mwanamke anayetaka meza.

Nikamuuliza Sugow kama kuna lingine. Hakutaka kusema. Nikamshika tena. Basi akasema Jumapili ile Ndila aligeuziwa uso upande wa mlango, kwa ombi lake. Ubah alimwambia apumzike. Akajibu: "Nimemtumia habari. Atakuja tu." Kengele ya kuwatoa wageni ikalia akiwa bado anaangalia mlango.

Mimi nilikuwa hapa nachonga miguu.

Jumapili, 14 Agosti

Sugow anapakia mbuzi, tunaondoka naye. Kazini watajua wenyewe. Nimepika uji wa wimbi, mwepesi kabisa, nimeuchuja kwa kitambaa hadi haukubaki hata chembe. Sijui kama utashuka. Sugow anasema jana asubuhi Ndila hakuongea, alinyoosha mkono tu.

Naandika haya kwenye meza yake. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Ni imara, Ndila. Inakufika mfukoni kabisa.

Honi. Ngoja kwanza — nimimine uji kwenye thamosi, nionje kama ni moto. Si moto. Uko sawa. Shida ni mimi. Uko mdomoni hapa tangu niandike si moto, na haushuki