Muchanga wa gofu huku Tanga

Mama yangu mupenzi,

Neema wetu mudogo ameokota sasa hivi kampira keupe ka gofu, amekaweka ndani ya shimo kwa mukono, kisha amejipigia makofi sawa na wazee wanaocheza huku! Nimekimbia kumunyang'anya mbele hajakaweka mudomoni, njo maana barua imechelewa kuanza.

Unaamukaje, Mama? Goti linakuachia kidogo? Na Furaha, mutoto wangu mukubwa, anakula muzuri kwako? Sisi tuko wazima.

Papa yao amerudi juzi kutoka Moshi, kilabu ilimutuma kutengeneza mashine za kukata majani. Mama, inchi hii iko na viwanja vya gofu vya zamani mpaka unashangaa. Kule Mufindi kiko katikati ya mashamba ya chai. Asubuhi ukungu unameza wachezaji, unasikia tu mupira unalia, tok! Lakini kwangu hiki cha Tanga njo kinapita vyote. Ukutani mwa kilabu kuna mbao zenye majina ya washindi kwa rangi ya zahabu: wazungu, kisha wahindi, kisha watu weusi, sasa hata wanawake. Nikipanguza ninayasoma polepole, moja moja. Na miti waliyopanda wale wa kwanza ingali inatupa kivuli.

Kazi yangu njo muchanga. Pale penye shimo hapana majani, wazee wa zamani waliweka muchanga wa kuchanganya na mafuta machafu ya gari, mpaka leo iko vile. Siku ya kwanza nikafagia sawa ulivyonifundisha kwetu, mistari mistari, nikajiona fundi. Muzee mumoja akapiga, mupira ukafuata mistari yangu, ukaenda zake.

"Nani amelima hapa?"

"Njo mimi, Papa. Nimefagia."

"Umefagia vizuri sana, binti. Bado mbegu za mahindi tu."

Wote wakacheka, machozi yakanijaa. Lakini akashika gunia yeye mwenyewe, akanionyesha: unalivuta polepole, unazunguka kutoka shimoni mpaka inje, bila kusimama. Sasa anaambia wenzake kama amecheza Arusha, Moshi, Mufindi, hajaona muchanga laini sawa wa mukongomani wake.

Basi nikapata roho ya kumuomba atusemee kwa wakubwa. Nyuma ya stoo ya mashine kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili, haina muntu. Sisi tunabanana katika chumba kimoja, Furaha hana hata pa kutandika mukeka, njo sababu nilimuacha. Wakubwa wa kilabu wako ndani ya biro, ofisi yao, tangu asubuhi, wanaamua. Wakikubali, Papa yake atamupokea Kigoma kwenye boti. Najua amekuzoea, na wewe umemuzoea. Usinikasirikie, Mama. Nimeanza kusahau sauti yake anavyoamuka, na hiyo inanitisha.

Salimia kaka yangu wa kwenye reli, na shangazi anayeuza ndagala, umwambie dagaa hizi za huku hazifiki za kwetu. Na mama mukwe, umwambie mutoto wake ananenepa.

Ngoja, Mama, mulango wa biro umefunguka. Yule muzee anainua ufunguo juu, anaita: "Mama Neema! Njoo ufungue kwako!" Mama, ninakimbia, mwambie Furaha kama...