Mgongo wa Garama

Likoni, 9 Oktoba 1946

Kwa ndugu yangu mdogo Boga, huko Voi.

Salamu nyingi. Anayekuandikia ni kaka yako Rama, mwenye miaka sabini na mitatu, niliyepita ndui, njaa na vita viwili vya Wazungu, na wake wawili nimezika. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nawe je, kifua kimepoa? Shemeji hajambo?

Naandika kwa mkono wangu. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikaa miaka miwili tu, lakini maneno haya siwezi kumpa karani.

Boga, kutoka hapa hadi Msambweni hakuna mganga wa mifupa kama mimi. Nikipitisha kidole mgongoni, pingili iliyohama naijua kabla mwenyewe hajaguna. Namlaza kifudifudi, nampaka mafuta, naweka goti, navuta bega. Ikilia ko, basi, anainuka. Na desturi yangu waijua: mgonjwa wa mgongo hulala kwangu, hatoki ila akitembea. Miaka arobaini hakutoka mtu mlango huu amebebwa.

Ndiyo maana uliponiambia mwanao Garama apelekwe hospitali, nilikasirika. Nikajibu kuwa wale wajua kufunga bendeji tu.

Siku ya kwanza alinitania, akaniuliza baba mkubwa miguu yake nimeiweka wapi. Huu mwezi wa pili, hatanii tena. Yeye yumo chumba cha uani, mimi nimekaa mlangoni pake. Sokoni siendi, msikitini siendi, nachelea nikiondoka atamwomba mtu ambebe. Jana alisema tumefungwa wawili, ila yeye hajui kosa lake.

Barua ya kwanza nilisema aliletwa amebebwa, ameangukiwa na gunia bandarini. Si kweli. Gunia lilimbana kiuno tu, akaja mwenyewe. Nilipomkanda, pingili haikulia. Akasema basi, baba mkubwa, yatosha. Mimi wa kuambiwa yatosha? Nikaongeza goti. Ikalia, lakini si mlio niujuao, na miguu ikafa pale pale.

Njoo na watu wanne na kitanda, umpeleke hospitali. Nikisimama mlangoni siku hiyo, nisukumeni.

Nisalimie shemeji na wanawe wote.

Ni mimi kaka yako,
Rama wa Mbwana

Ukiona nimechanganyikiwa kwa uzee, muulize Mwanatatu, mke niliye naye. Alikuwa uani akipepeta mchele, Garama akaingia kwa miguu yake, akampa shikamoo. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme.