Requin Wangu wa Tanganyika

Jumatano, 11/6/2025
Leo salle yetu ya filme imejaa mupaka mulangoni! Filme ya requin, yule papa, samaki wa meno wa baharini. Mi na micro yangu, natafsiri. Filme inasema bahari ya mbali, mi nikaongeza: na huku Tanganyika iko! Damu kidogo tu mu maji, inakuja. Ukienda kuokoa mutu, nawe inakumeza. Watu wakapandisha miguu juu ya viti. Pale inje rafiki yangu Khaled kanicheka — we Twahiru, muongo wa diplôme.
Nimesoma yote mu telefone. Requin anauma watu mara chache, na mara mingi anaachilia, anaenda zake. Mu ziwa letu hayuko hata mumoja. Lakini ukweli haujazi viti.

Jumamosi, 14/6
Khaled amekufa.
Tulienda plage, kwenye muchanga wa ziwa, na vijana wa salle. Alikanyaga chupa, akaingia kuosha damu, akaendelea kuogelea. Kule mbali akaanza kupiga mikono. Mutu akapiga kelele: damu, requin! Wote wakatoka mbio. Nikalia hakuna requin, nilidanganya, muingie. Moïse, yeye ndiye anaogelea kuliko wote, akasema: si we ulisema tusiende?
Mi sijui kuogelea. Nilifika maji ya kifua, basi.

Jumapili, 15/6
Wavuvi wamemupata asubuhi. Mzee Hamissi, muoshaji wa maiti, kaniita nimumwagie maji. Muguu wa kushoto, kidonda cha chupa. Ingine hakuna. Mzee akamugeuza pole pole, akaangalia. Akasema chini-chini: hakuna jino hapa, mwanangu, ni maji tu. Halafu: anayeosha maiti hasemi alichoona.
Nikasema ndiyo, baba. Nilifurahia ile sheria. Aibu.

Jumanne, 17/6
Patron, mwenye salle, anataka filme ileile. Eti quartier yote, mutaa muzima, inaiomba sasa. Nimemurudishia micro.

Jumatano, 18/6
Matanga, kwao Khaled. Mama yake kaniita mulangoni kwa wanawake. Macho mekundu. Anasema: mwanangu, we ndiye unajua ule munyama. Wanasema unauma mara moja, mutu hasikii kitu. Ni kweli?
Nikainama, nikapanga viatu vya wageni.
Akasema: maana mutu wa kuzama anaita, anaita, watu wanamusikia. Kanishika mukono. Alikufa haraka?
Nimesema naenda kuchota maji. Niko hapa kwenye robinet, bomba la uani, bidon imejaa zamani, inamwagika. Namusikia ndani anauliza — Twahiru iko wapi, hajanijibu