Mpaka Nifae

9 Machi 1998

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba na cherehani bado inakutii. Mimi mzima, ila usingizi sina, maana nina habari ya kukufanya uache kushona ukae chini vizuri.

Panya wamepona! Unakumbuka nilivyokueleza kwamba mwilini mna askari wa kinga, na saratani inawalaza? Dawa tuliyoitengeneza hapa maabara inawaamsha. Leo asubuhi nilimshika panya mmoja, nikampapasa ubavuni pale palipokuwa na uvimbe. Hapana kitu. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na profesa akajifanya anatafuta miwani.

Nilimwaza mama. Laiti dawa hii ingekuwepo wakati ule ukimuuguza.

Mwanao,
Kiherehere wako

2 Aprili 1998

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunasukuma siku. Barua yako nimeisoma kwa sauti humu kwenye chumba cha kushonea, wateja wamekaa na vitambaa mapajani. Mmoja akasema panya ni panya tu. Nikamuuliza mwanawe amesomea nini, akaanza kukunja kitambaa chake.

Nami nina langu. Tangu mwaka jana mwishoni nina uvimbe kwenye titi la kushoto, kama kifungo cha koti. Walichukua kipande wakakipima, ni saratani, ile ile ya dada. Daktari mpasuaji, kijana mwenye haraka kama anakimbilia basi, anataka kuliondoa titi mwezi huu. Nikamwambia asihangaike, mwanangu ana dawa. Akacheka. Sikukipenda kicheko chake.

Mama yako nilimuuguza mimi. Alikatwa, akafungwa bendeji, na bado tukamzika. Kisu sikitaki, mwanangu. Nakiogopa kuliko huo uvimbe wenyewe. Nitumie hiyo dawa. Hata ya panya nitakunywa.

Mama yako mdogo

15 Aprili 1998

Shikamoo Mama Mdogo,

Nakuomba, nakupigia magoti, nenda ukakatwe. Nenda wiki hii hii. Mama alikatwa akiwa amechelewa, ugonjwa umeshafika mapafuni. Wako bado mdogo, haujatoka mahali pake. Huyo kijana mwenye haraka anaweza kukuponya kabisa.

Dawa yangu haiko tayari. Hakuna binadamu aliyeionja. Na hata zamu ya watu ikifika, sheria ya utafiti hairuhusu kumpa mtu anayeweza kutibiwa kwa njia nyingine. Watachukuliwa wale tu ambao ugonjwa umesambaa na kisu hakiwasaidii tena. Wewe hufai, na namshukuru Mungu kwamba hufai. Umenielewa?

Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao

3 Juni 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuelewa. Yamekwisha, nimekatwa, kidonda kimekauka vizuri. Usihangaike kuja, una kazi, na hapa nahudumiwa vizuri tu.

Hao watu mtaanza kuwajaribu lini?

Mama yako mdogo

22 Novemba 1998

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mkono unainuka vizuri upande ule? Nisamehe kwa ukimya. Barua yako ilinikuta nikiwa nimezama kwenye vibali, nikaisoma nimesimama kwenye korido nikafurahi mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimeposwa. Nikamwambia mama yangu amepona.

Wagonjwa wa kwanza wataanza mwakani katikati. Nimekabidhiwa utafiti wote niuongoze. Mambo yakitulia tu, nakuja kukuona.

Mwanao,
Kiherehere

8 Februari 2000

Daktari wangu,

Hujambo? Kazi inaendeleaje? Mimi sasa nafaa.

Sikukatwa, mwanangu. Nilikudanganya, na usinifokee kabla hujamaliza kusoma. Ulisema mwenyewe kwamba wanachukuliwa wale walioshindikana. Nikasema kama mlango ndio huo, basi nitangoja mpaka nifae. Nilikuwa nikioga naupapasa, nauambia kua basi, tuondoke.

Umekua. Umepita kwapani, na mgongo unaniuma kiasi kwamba kuinamia cherehani siwezi. Wiki iliyopita yule kijana mpasuaji mwenyewe amesema kisu hakinisaidii tena. Safari hii hakucheka.

Niandikie nije lini. Gauni la safari nimeshashonewa, la mikono mirefu, naambiwa huko kwenu kuna baridi.

Mama yako mdogo

19 Februari 2000

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipoandika kwamba unatania.

Utafiti umefungwa tangu Oktoba. Niliufunga mimi. Kwa panya wale askari waliamka wakaipiga saratani. Kwa watu waliamka wakapiga kila kitu, matumbo, ini, moyo. Mgonjwa wetu wa tatu, mwalimu mstaafu aliyekuwa akinichekesha kila asubuhi, alifariki nikiwa nimemshika mkono. Hakuna dawa, Mama Mdogo. Haijawahi kuwepo. Walikuwepo panya waliopona, basi.

Nina hasira nawe. Ulikuwa na ugonjwa wa kupona! Nilikupigia magoti, ukakaa unaulea kama mtoto ili nije kukupokea mimi. Mama hakuipata nafasi uliyoipata wewe.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja.

Mwanao

6 Machi 2000

Mwanangu,

Marahaba. Hasira zako ziache huko. Ninazo zangu, na chumba ni kidogo, hazitaenea.

Panya walipopona uliniandikia siku ile ile. Watu walipokufa ulikaa kimya Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Oktoba ile mgongo ulikuwa bado hauniumi. Huenda kisu kingenisaidia, huenda kisingenisaidia, mimi sijui na wewe hujui. Lakini ningechagua nikiwa najua. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, na sikustahili kuambiwa mwisho baada ya wote.

Sasa nisikilize. Watu wanakuja kunijulia hali na kila mmoja anauliza habari za dawa. Nimewaambia uliituma, na ni nzuri kabisa, ila mimi ndiye niliyechelewa kuinywa. Miaka yote nimekutangaza mbele yao, mwanangu hivi, mwanangu vile. Sitaki nife huku wananicheka. Kwa hiyo ukifika wakikuuliza, uitikie. Usianze kuwaeleza mambo ya sheria wala ya utafiti, na usilie mbele yao. Sema ndiyo, dawa ilikuwepo, Mama Mdogo alichelewa.

Kama hutaweza kusema hivyo, usije.

Mama yako mdogo